Kanuni, mazingira au usalama: maoni yako uyapeleke kwa kamati gani ya Bunge?

Chukua timbo moja la mawe. Vumbi linaingia majumbani, kuta zinapata nyufa kila baruti inapolipuliwa, na siku wakazi walipofunga barabara kulalamika, polisi walifika, wakarusha vitoa machozi, wakaondoka na vijana kadhaa. Juu ya hayo wizara imechapisha kanuni mpya zinazomruhusu mwenye timbo kuchimba karibu zaidi na makazi.

Bunge la Taifa la Kenya lina kamati tatu ambazo kila moja inaweza kusema jambo hili ni lake. Ipo Kamati ya Sheria Ndogo, inayochunguza kanuni zinazotungwa na mawaziri na mashirika ya serikali. Ipo Kamati ya Mazingira, Misitu na Madini. Na ipo Kamati ya Utawala na Usalama wa Ndani. Kama waliohusika ni wanajeshi wala si polisi, jambo linahamia kwa Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Mashauri ya Kigeni.

Wengi huchagua kwa kusoma jina lililoandikwa mlangoni. Vumbi, basi mazingira. Polisi, basi usalama. Mimi nashauri uanze kwingine: jiulize unataka nini kifanyike kamati ikishamaliza kazi yake. Kanuni ifutwe? Kamanda aitwe ajieleze? Mswada urekebishwe kabla haujapitishwa? Ulipwe fidia? Kamati hizi hazina nguvu sawa. Na hilo la mwisho, fidia, hakuna hata moja inayoweza kulitoa. Zote huishia kupendekeza.

Haki unazoingia nazo

Popote utakapokwenda, Kifungu cha 118 cha Katiba ya 2010 kinataka vikao vya kamati viwe wazi kwa umma na Bunge liwawezeshe wananchi kushiriki. Kifungu cha 125 kinaipa kila kamati uwezo kama wa Mahakama Kuu wa kuita shahidi, kumhoji kwa kiapo na kudai hati. Mtu aliyeitwa akakaidi anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, na magavana wamewahi kuionja. Kuhusu lugha usiwe na wasiwasi: Kifungu cha 120 kinasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Ukiandika maoni yako kwa Kiswahili, hakuna karani mwenye haki ya kukurudishia.

Kwenye karatasi, basi, zote ni sawa. Tofauti zinaanza unapouliza kila kamati inaweza kuvunja nini, na saa yake inakwenda kasi kiasi gani.

Kamati ya Sheria Ndogo: haina kamera, lakini ina meno

Hii ndiyo kamati ambayo raia wengi hawajui kwamba ipo, na ndiyo ningeitazama kwanza karibu kila mara. Sababu iko katika Kifungu cha 94(5): hakuna mtu wala chombo chenye uwezo wa kutunga kitu chenye nguvu ya sheria isipokuwa Bunge, au aliyepewa uwezo huo na Katiba au sheria. Waziri anapotoa kanuni anatumia uwezo wa kuazimwa, na mwenye mali anaweza kuudai.

Utaratibu wa kuudai umo katika sheria ya mwaka 2013 inayosimamia kanuni na sheria ndogo. Kanuni ikichapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, waziri ana siku 7 za vikao kuifikisha kwa karani ili iwasilishwe Bungeni. Asipofanya hivyo, kanuni inapoteza nguvu mara baada ya siku ya mwisho, bila kura wala hotuba. Zingatia kwamba siku za vikao si siku za kalenda. Bunge la Taifa kwa kawaida huketi Jumanne, Jumatano na Alhamisi, kwa hiyo siku 7 huchukua zaidi ya wiki mbili, na wabunge wakiwa likizoni huweza kuchukua miezi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mlalamishi ni ya kuchosha tu: kutafuta tarehe ya gazeti, kutafuta tarehe ya kuwasilishwa, kisha kuhesabu. Kuna kanuni zilizoangukia hapo mahakamani bila hata mtu kujadili maudhui yake.

Zikiwasilishwa kwa wakati, kamati ina siku 28. Ikikaa kimya siku hizo zikapita, sheria inachukulia kwamba kanuni imetimiza masharti yote, isipokuwa kama Bunge limeongeza muda. Hapa kimya kina bei, na anayeilipa ni wewe. Ukileta maoni siku ya 30, hata yawe na uzito gani, unazungumza na watu ambao kisu chao kimekwisha kuondolewa mkononi.

Kamati ikikataa kanuni, na Bunge likapitisha azimio, kanuni au sehemu yake inabatilika. Hapo waziri haombwi kitu wala hapelekewi pendekezo, kanuni imekufa. Hakuna kamati nyingine kati ya hizi tatu inayoweza kufikia tokeo la namna hiyo kwa hatua chache hivyo.

Lakini masikio yake ni membamba. Haisikilizi kama kanuni ni mbaya kwa biashara yako au inaudhi. Inauliza maswali yaliyoorodheshwa na sheria: je, kanuni inaafikiana na Katiba na sheria mama, yaani ile iliyompa waziri uwezo wa kuitunga? Inatoza kodi? Inafunga mlango wa mahakama? Inarudi nyuma kuadhibu yaliyokwisha kufanyika? Ina jambo ambalo lilipaswa kuwa katika sheria kamili? Imeandikwa vibaya kiasi cha kutoeleweka? Mkazi anayesimama na kusema vumbi linawaua watoto atapewa pole. Mkazi anayesema kanuni ya 14 inapunguza umbali uliowekwa na sheria mama, na waziri hakupewa uwezo wa kuupunguza, ataulizwa arudie ili katibu aandike vizuri.

Mambo mawili ya kuangalia kabla ya kuandika. Kwanza, adhabu: sheria ya 2013 inaweka kikomo cha shilingi 20,000 au kifungo cha miezi 6, au vyote viwili, kwa kuvunja kanuni. Ukiona kanuni yenye faini ya laki tano, tafuta kifungu cha sheria mama kinachoruhusu. Kisipokuwepo, umepata hoja yako. Pili, umri: kanuni hufutika zenyewe baada ya miaka 10, na zinaweza kuongezewa muda mara moja tu, usiozidi miezi 12. Kuna ada ambazo watu wanaendelea kuzilipa kwa mazoea, na hakuna aliyewahi kuuliza kanuni zake zilitungwa lini.

Kuna pia suala la kushirikishwa. Sheria hiyo inamtaka anayetunga kanuni awashauri wale watakaoguswa. Katika kesi ya kanuni za kudhibiti tumbaku za mwaka 2014, Mahakama ya Juu mnamo Novemba 2019 ilieleza vipimo vya ushirikishaji wa umma: lazima uwe wa kweli, si wa kutia alama kwenye orodha. Ila hukumu hiyohiyo ilisema si lazima wananchi wasikizwe kwa mdomo, maandishi yanatosha, na mtu mmoja kusema hakusikizwa hakutoshi kuangusha mchakato mzima. Wanaharakati hunukuu nusu ya kwanza na kuisahau ya pili. Mawakili wa serikali hawaisahau.

Udhaifu mwingine ni kwamba kamati hii inaweza kufuta lakini haiandiki upya. Wizara huweza kurudi na kanuni zilezile zikiwa zimevalishwa koti jipya, na wewe uanze kuhesabu siku tena.

Kamati ya Mazingira: inakuja hadi mlangoni, kisha inaomba

Kama unataka wabunge waone kwa macho yao, hapa ndipo pa kwenda. Kamati hii huzuru misitu, migodi, mito na majaa ya taka. Wajumbe hukanyaga matope, huuliza wazee, na ushahidi wa mtu asiyejua kifungu chochote cha sheria hupata nafasi. Mama anayeonyesha chupa ya maji ya kisima yaliyobadilika rangi ana uzito hapa kuliko popote pengine Bungeni. Ukiwa na picha zenye tarehe, matokeo ya maabara, na nakala ya barua ulizoiandikia NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, bila kujibiwa, umejiandaa kuliko mashirika mengi.

Nguvu yake ya kweli huonekana mswada ukiwa mezani. Mfano mzuri ni marekebisho ya mwaka 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, yaliyoweka kwamba miradi ya kaboni, ile inayouza hewa ukaa iliyopunguzwa au kuhifadhiwa, ikiwa inategemea ardhi iwape jamii angalau asilimia 40 ya mapato, na ile isiyotegemea ardhi asilimia 25. Kwa mfugaji ambaye malisho yake yameingizwa katika mradi wa kaboni, tarakimu hiyo ni kila kitu. Hatua ya mswada ndiyo wakati wa kuiambia kamati ya mazingira kama asilimia 40 inatosha.

Halafu tazama kilichofuata. Mwaka 2024 zikaja kanuni za soko la kaboni, zenye utaratibu wa kuifanya sheria hiyo itekelezwe. Mlalamishi aliyedhani vita vimekwisha mswada ulipotiwa saini alipaswa kuhamia chumba kingine, kwenye ile kamati yenye siku 28. Ndiyo maana sipendi ushauri wa "suala la mazingira, kamati ya mazingira". Mambo mengi mazito ya mazingira nchini yamepita pembeni ya kamati hiyo. Marufuku ya mifuko ya plastiki, iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017 na kubadilisha kila duka na kila soko, haikuwa mswada. Ilitolewa na waziri kwa tangazo la Gazeti Rasmi miezi sita kabla, chini ya sheria ya mazingira ya 1999, na adhabu yake ikahesabika kwa mamilioni ya shilingi kwa kuwa iliegemea sheria mama. Wenye viwanda walioipinga walikwenda mahakamani.

Udhaifu wa kamati hii ni mapendekezo. Ripoti yake inaiambia NEMA ikague, inaiambia wizara ichukue hatua, inaiambia kaunti ishirikiane. Kanuni za Kudumu za Bunge zinamtaka waziri aripoti utekelezaji ndani ya siku 60 tangu azimio lipitishwe, lakini ripoti ya waziri inaweza kusema tu kwamba suala linashughulikiwa. Hakuna kinachofungwa siku ile isipokuwa mwenye leseni ameingiwa na hofu.

Tazama pia kesi mbili ambazo wakazi walishinda. Leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu ilifutwa Juni 2019 na Jopo la Kitaifa la Mazingira, linalosikiliza rufaa dhidi ya leseni za NEMA, kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo katika tathmini ya athari. Aliyeifuta ni jopo, si kamati. Na Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia watu sumu ya madini ya risasi, uchunguzi wa Bunge ulifanywa na kamati ya afya ya Seneti, lakini fidia ya shilingi bilioni 1.3 iliamuriwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi Julai 2020. Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Simaanishi kamati haina kazi. Ripoti iliyowasilishwa Bungeni ni hati ya umma, ina majina ya maofisa na ahadi walizotoa kwa kiapo, na afisa aliyeapa mbele ya wabunge kwamba ukaguzi ulifanyika hawezi kwa urahisi kusema vingine baadaye. Iendee ukijua unajenga faili. Ukitaka mashine izimwe wiki hii, hapa si pake.

Kamati za Usalama: sauti kubwa, mlango mzito

Hapa kila kitu kinabadilika: kasi, usiri na hatari.

Kasi kwanza. Miswada ya usalama hufika ikiwa na haraka ya tukio lililotangulia. Desemba 2014, baada ya mashambulizi ya Mandera, mswada wa kurekebisha sheria za usalama ulichapishwa, ukapitishwa katika kikao kilichogeuka ghasia, na kutiwa saini tarehe 19, yote katika muda usiofika wiki mbili. Aliyetaka kutoa maoni alikuwa na siku za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Tarehe 23 Februari 2015 Mahakama Kuu ilitupilia mbali vifungu 8, kikiwemo kile kilichoweka faini ya hadi shilingi milioni 5 kwa kuchapisha habari zinazodaiwa kuvuruga uchunguzi wa ugaidi, na kile kilichoweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchini. Mwenye kutaka kuathiri mswada wa usalama awe na waraka wake tayari kabla mswada haujazaliwa. Sioni njia nyingine.

Usiri. Kifungu cha 118 kinaruhusu umma na vyombo vya habari kuzuiwa tu katika hali zisizo za kawaida, baada ya Spika kuona kuna sababu za haki. Katika kamati za kanuni na mazingira nafasi hiyo haitumiki sana. Katika usalama ndiyo desturi inapofika zamu ya ujasusi, silaha au operesheni. Matokeo yake, unaweza kutoa ushahidi wako hadharani asubuhi, kisha mkuu wa polisi akajibu faraghani alasiri, nawe usijue alisema nini juu yako. Katika kamati ya mazingira ungemsikia na kupeleka jibu la maandishi siku ya pili.

Ripoti zenyewe huwa na bahati mbaya yake. Baada ya shambulizi la Westgate la Septemba 2013, kamati mbili za Bunge la Taifa zilichunguza kwa pamoja. Ripoti yao ilipofika ukumbini, wabunge wenyewe waliikataa, Machi 2014. Ushahidi wote uliokusanywa ukabaki bila azimio la kuubeba.

Hata hivyo kuna mambo ambayo ni kamati hizi tu zinazoweza kuyafikia. Jeshi la Uingereza linalofanya mazoezi Laikipia na Samburu haliko chini ya waziri yeyote wa Kenya wa mazingira, ingawa moto uliozuka Lolldaiga wakati wa mazoezi yake Machi 2021 uliteketeza maelfu ya ekari. Mwaka 2024 Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Mashauri ya Kigeni ilikwenda Nanyuki na kwingineko kusikiza wakazi: waliozungumzia moshi, waliozungumzia mabomu yaliyoachwa, waliozungumzia ndugu waliouawa. Ungeweza kusema moto ni suala la mazingira, na usingekosea. Ila ni kamati ya ulinzi inayohusika na mkataba unaowaruhusu askari hao kuwa hapa, na jina la kamati ya mazingira halina uzito mbele ya jeshi la nchi nyingine.

Mfano mwingine ni Haiti. Novemba 2023 Bunge la Taifa liliidhinisha polisi wa Kenya kupelekwa huko baada ya kamati za usalama kukusanya maoni. Januari 2024 Mahakama Kuu ilisema Baraza la Usalama la Taifa halina uwezo wa kupeleka polisi nje, kwa kuwa Kifungu cha 240 kinazungumzia majeshi ya taifa. Kama ungekuwa unaandika waraka kwa kamati ile, hoja ya Kifungu cha 240 ingekuwa na thamani kuliko kurasa 20 za hofu kuhusu magenge ya Port-au-Prince. Kamati ingeweza kuipuuza, lakini ingebaki kwenye rekodi.

Hatari, mwisho. Maneno unayoyasema ndani ya kikao yanalindwa. Ukitoka nje ukayarudia mbele ya maikrofoni za waandishi, uko peke yako. Na kinga ya kisheria haimzuii mtu kukufuata nyumbani. Kama ushahidi wako unamtaja ofisa kwa jina, omba kwa maandishi kusikizwa faraghani, na peleka nakala ya maelezo yako kwa IPOA, mamlaka huru inayoangazia utendakazi wa polisi, ambayo ina uwezo wa kuchunguza na kupendekeza mashtaka. Kusema ukweli, kwa kisa cha polisi mmoja na raia mmoja ningeanzia IPOA na kuiacha kamati. Kamati ya usalama inafaa zaidi pale unapoonyesha mtindo: kituo kilekile, malalamiko mengi, miaka mingi.

Tuligawe basi lile timbo. Kanuni mpya za leseni ziende kwa Kamati ya Sheria Ndogo leo, kwa maandishi, zikiwa na hoja mbili au tatu za kisheria, kwa sababu saa inakimbia. Vumbi na nyufa ziende kwa Kamati ya Mazingira zikiwa na ombi la kuzuru. Vijana waliokamatwa waende kwa wakili na IPOA, na kamati ya usalama iandikiwe baadaye kama kisa kimejirudia. Kosa ni kuandika waraka mmoja mrefu wenye yote na kuutuma kwa kamati zote tatu. Kila moja itausoma hadi inapofika sehemu isiyoihusu, iuweke chini, na kudhani ile nyingine inashughulikia.

Kwa mdomo au kwa maandishi

Kwa kanuni, maandishi, bila swali. Kwa mazingira, vyote viwili, lakini mdomo ndio utakaokumbukwa. Kwa usalama, maandishi kwanza, kisha uone kama unataka kuonekana.

Ukipata nafasi ya kuzungumza, jua kwamba dakika zako ni chache na mwenyekiti amesikia utangulizi mwingi. Anza na unachotaka: "Tunaomba kifungu cha 9 kifutwe." Kisha sababu. Shukrani kwa waheshimiwa ziwe sentensi moja. Tangazo la karani gazetini hutaja tarehe na saa ya mwisho ya kupokea maoni, na wanapoandika saa kumi na moja jioni wanamaanisha hivyo.

Bunge la Taifa au Seneti

Kama jambo linagusa kaunti, Seneti ina kamati zake: ya ardhi, mazingira na maliasili, ya usalama wa taifa, ulinzi na mashauri ya kigeni, na yake ya sheria ndogo. Maseneta ni wachache, wanasoma nyaraka zaidi, na wana muda zaidi na wewe. Bajeti za wizara za taifa, hata hivyo, zinapitia Bunge la Taifa, na waziri anaogopa anayeshika mfuko wake. Kwa vumbi la kaunti moja ningechagua Seneti. Kwa polisi, Bunge la Taifa. Ada na kanuni za kaunti yenyewe usizipeleke kwa yeyote kati yao. Hizo ni za bunge la kaunti.

Kama hakuna kikao kilichotangazwa

Si lazima usubiri tangazo. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi rasmi Bungeni, likiwemo la kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Utaratibu uko katika sheria ya mwaka 2012, na maombi mengi hukwama kwa sababu ndogondogo. Liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, bila kufutafuta. Kila ukurasa utaje mada. Lieleze ni ofisi gani ulizokwisha kuziendea na zilijibu nini, kama suala liko mahakamani, na limalizike kwa kusema wazi unaomba nini. Waombaji waweke jina, anwani, nambari ya kitambulisho, na sahihi au alama ya kidole.

Hapo kwenye mahakama pana mtego. Ukiwa tayari umefungua kesi, kamati nyingi zitasita kugusa jambo lilelile. Na ukingoja kamati imalize ndipo uende mahakamani, huenda ukachelewa: rufaa dhidi ya leseni ya NEMA kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira hukatwa ndani ya siku 60. Kwa leseni iliyokwisha kutolewa, kata rufaa kwanza. Ombi la Bunge linaweza kufuata likiwa juu ya jambo pana zaidi, kama vile kwa nini sheria inaruhusu leseni za namna hiyo kutolewa, na katika sehemu ya kesi utaje nambari ya rufaa yako bila kuificha.